Fundi wa Buyenzi aliyewatoa wanafunzi nje kila alipotaka kukata skai, akaniacha mimi ndani

Kwa nini mtu anayewaficha wanafunzi wake siri ya kazi aifanye waziwazi mbele ya mtu ambaye si mwanafunzi wake?

Wakuu, habari za humu. Swali hilo nililibeba miaka mingi bila jibu, mimi ninayejifanya kuwa na jibu la kila kitu. Leo nalisimulia lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Atakayeona nadanganya aseme, ila ajue anabishana na mbishi mwenzake.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya mwishomwisho ya vita. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Ngagara. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, lisansi ya pedagojia, yaani digrii ya mambo ya ufundishaji. Chuo chenyewe kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa, lakini nilimaliza.

Kazi hakuna. Nilikuwa nikiitwa kwenye usaili, naulizwa maswali, na mimi nauliza ya kwangu. Hawakuniita tena.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama, nesi mstaafu. Mimi. Na Goreth, binti wa mjomba wangu, kaka pekee wa Mama.

Mjomba aliuawa huko milimani. Goreth alikanyaga bomu la kutegwa kwenye njia ya shamba, akapoteza mguu wa kushoto. Hospitali ilipomruhusu, Mama alikwenda kumchukua, akamleta kwetu, akamlaza kitanda changu. Sikuulizwa.

Najua mnachotaka kusema. Yatima, mguu mmoja, halafu wewe unamwonea wivu? Ndiyo. Wivu hauombi cheti cha daktari kabla ya kuingia.

Goreth alikuwa mdogo kwangu, aliishia shule ya msingi, na alikuwa na kitu kimoja ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho: watu walimpenda kabla hajafanya lolote. Alikuwa akisema jambo la kawaida tu, Mama anacheka hadi anafuta machozi. Nikisema mimi, Mama anajibu, "Haya, mwalimu."

Basi, mradi mmoja wa wafadhili ukafungua mafunzo Buyenzi, mtaa mwingine wa jiji letu. Walilenga watu ambao vita viliwaacha nyuma: waliokimbia makwao, walemavu, wajane, vijana waliokatizwa shule. Kazi ya kufundishwa ilikuwa kushona kava za viti vya magari.

Wazo halikuwa baya. Buyenzi ni gereji tupu, kila mtaa una gari limevuliwa nguo. Mabasi madogo viti vyake vinachanika kila siku. Mwanafunzi alipata chakula cha mchana na nauli, na mwisho wa mafunzo, atakayeweza kutengeneza kava peke yake, tangu kukata hadi kuvisha kiti, anapewa cherehani iwe yake.

Cherehani, wakuu. Wakati ule cherehani ilikuwa mume, shamba na pensheni kwa pamoja. Kwa Goreth ilikuwa ndiyo tofauti ya kuwa mtu na kuwa mzigo kwa shangazi yake hadi uzee. Alisema hivyo mwenyewe, usiku wa kwanza aliposikia habari hizo, na alisema bila kulia.

Nilimsindikiza kujiandikisha. Nilipofika mezani nikasema na mimi niandikwe.

Afisa wa mradi akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia.

"Mademoiselle, we uko na lisansi. We si mulengwa."

"Lakini sina kazi."

"Kukosa kazi si kundi letu."

Nikatoka pale nimekataliwa kwa kukosa shida rasmi. Nadhani ni mimi peke yangu jijini.

Kumbe kulikuwa na nafasi nyingine. Mlemavu aliyetoka mbali aliruhusiwa kuja na msindikizaji, na msindikizaji naye anakula. Mama hakusita.

"Huna kazi. Utakwenda naye."

"Mama, mimi nibebe mfuko wa Goreth?"

"Ubebe na chupa ya maji."

Ndivyo nilivyoanza kushinda Buyenzi. Siku hizo huwezi kwenda na kurudi unavyotaka. Barabara ikifungwa imefungwa, milio ya risasi ikianza huko milimani watu wanajua pa kuingia. Kwa hiyo nilikuwa nikikaa karakana kutwa nzima, kwenye kiti cha gari kisicho na gari, na kitabu mkononi.

Fundi aliitwa Hamisi. Mtu wa Buyenzi wa tangu zamani, kofia nyeupe, chaki nyuma ya sikio, maneno mengi. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari, na alitaka ujue kuwa anajua.

Sasa niwaeleze jambo la pale, maana ndilo lililobeba kisa chote.

Kushona kava kila mtu anaweza kufundishwa. Unaunganisha vipande, unatia mkanda pembeni, unavisha kiti, unabana chini. Kazi yenyewe iko kwenye mkato. Ile skai, plastiki nene ya kufanana na ngozi, ukiikata vibaya huwezi kuirudisha. Kila fundi ana mkato wake. Gari likipita barabarani watu wanachungulia dirishani wanasema, hii ni ya Hamisi, hii ni ya fulani.

Kijana mmoja wa karakana ya jirani, aliyekuwa akitumikia fundi wake kwa miaka bila kushika mkasi, ndiye aliyeniambia.

"Mukato haionyeshwi mutu ya inje, dada. Mukato ni ya nyumba. Fundi anaonyesha mutoto wake, basi."

"Na ninyi mtajua lini?"

"Siku yenye Mungu atapenda."

Nilicheka. Nikafikiri ni porojo za gereji.

Lakini kweli Hamisi alikuwa akifundisha vizuri kabisa asubuhi yote, anarudia, hakasiriki. Ikifika saa ya kukata, anapiga makofi.

"Haya, inje! Inje mupate hewa!"

Wanafunzi wote wanatoka, mimi pamoja nao. Pazia linashuka. Tunarudi tunakuta vipande vimepangwa mezani, tayari kushonwa.

Hakuna aliyelalamika. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni haanzi kulalamikia pazia. Wageni wa mradi walikuja mara kwa mara, wakahesabu vichwa, wakauliza "Mnafurahi?", wakajibiwa "Tunafurahi", wakapiga picha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani ameshika mkasi.

Mimi niliona. Nilisomea hayo. Nikamwambia afisa, "Hawa hawatafaulu mtihani wenu, hawajui kukata." Akaniambia msindikizaji asiingilie programu.

Na usidhani wivu ulikuwa wangu tu. Mtaa mzima ulikuwa na wivu. Vijana wa karakana za jirani waliwaona wakimbizi wamekuja juzi, wanalishwa, wanaahidiwa mashine, wakati wao wamekula vumbi la fundi tangu utotoni. Mmoja akamwambia Goreth mbele ya watu:

"We dada, kama muguu inauzwa, mi ningeuza yangu leo nipate hiyo mashini."

Goreth hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Leta yote mbili, nichague yenye iko sawa."

Njia nzima ilicheka. Yule kijana mwenyewe alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa anamletea kahawa. Mimi nilikuwa nimeandaa jibu refu kuhusu ukosefu wa haki kwenye miradi. Nililimeza.

Kulikuwa pia na Shabani, mtoto wa Fundi Hamisi. Alikuwa akiendesha pikapu ya baba yake, mtu mkimya, mrefu, mashati safi hata katikati ya grisi. Usafiri ukikosekana, alitupeleka hadi Ngagara. Goreth alikaa mbele kwa ajili ya mguu, mimi nyuma na viti chakavu. Siku moja akachukua kipande cha tairi, akakichonga, akakigongomea chini ya mkongojo wa Goreth ili usiteleze.

Mimi nilikuwa na viatu vilivyotoboka. Hakuna aliyenichongea tairi.

Nikasema moyoni, sawa. Ana Mama, ana kitanda, ana mafunzo, sasa amepata na Shabani. Bado shahada yangu tu, nayo ataichukua.

Ndipo mambo yakabadilika.

Siku moja Fundi alipiga makofi kama kawaida, "Haya, inje!" Nikainuka na wenzangu. Akanizuia kwa mkono.

"We baki, mutoto. We uko mutu ya vitabu. Joto ya inje itakuharibu."

Nikabaki. Akashusha pazia, akakivuta kiti changu hadi ng'ambo ya meza, penye mwanga. Kisha akaanza kukata.

Alikata polepole. Na huku akikata, ananiuliza maswali. Baba yangu alikuwa mtu wa wapi. Kama yu hai. Mama ana watoto wangapi. Kama najua kupika ndagala, dagaa wa ziwani.

"Mzee, nimesoma miaka yote hii ili nisiulizwe swali hilo."

Alicheka sana, akasema, "Kumbe una mudomo! Ni vizuri. Nyumba bila mudomo inalala."

Niliona ni mzee mpenda umbea. Nikaendelea kugeuza kurasa, lakini sikuwa nasoma.

Niliona kwamba anapima kiti kwa kamba, halafu hakati kipimo alichopata. Anakata pungufu. Kava lake linakuwa dogo kuliko kiti, ndiyo maana likivishwa linavutika na kukaa kama ngozi ya ngoma. Niliona kwenye kona anafanya mikato midogo midogo kabla ya kukunja. Niliona kipande cha nyuma kinakatwa kwa upande mwingine wa skai, kwa sababu inavutika zaidi upande mmoja.

Akanibakiza siku iliyofuata. Na zilizofuata.

Jioni ile ya kwanza nilimwambia Goreth kila kitu. Msinisifu. Sikufanya kwa wema. Nilimwambia kwa sababu hatimaye nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na kitu kama hicho ukikaa nacho kimya hakina ladha.

Nilitaka aseme, "Dada, umewezaje?"

Alisema, "Pungufu kiasi gani?"

Sikujua! Nilikuwa nimeona kwa macho, si kwa mikono. Tukavua mito ya viti vya sebuleni, tukachukua pazia kuukuu, tukaanza kujaribu. Kava la kwanza lilipwaya kama koti la kurithi. La pili lilibana hadi mshono ukaachia. Tuligombana. Mimi nilikuwa nikisema, "Hakufanya hivyo!" na yeye akinijibu, "Basi kata wewe!" Nikikata mimi, linapinda.

Mama alitokea mlangoni.

"Yampayinka! Hivyo viti ni vya harusi yangu, mnavichuna ngozi?"

Akatutazama, akatazama mkasi, akaenda chumbani kwake. Akarudi na pazia jingine, zuri, la dirisha lake mwenyewe.

"Hilo la kwanza ni jepesi mno," akasema. "Halifanani na skai."

Nilishangaa kidogo. Mama hakuwa mtu wa kutoa mapazia. Lakini nilijua jibu: ni kwa ajili ya Goreth. Kama ningekuwa mimi, ningeambiwa nikanunue.

Tukaendelea hivyo. Mchana naangalia, jioni nasimulia, yeye anakata. Alipopata kile kipimo cha upungufu, alikipata kwa kidole gumba chake, akaacha kuniuliza. Hapo ndipo wivu ulipouma kuliko siku zote. Nilikuwa daraja, na daraja halivuki.

Siku ya mtihani karakana ilijaa. Afisa wa mradi alikaa mbele. Mafundi wa jirani walisimama mlangoni wamekunja mikono; walikuja kuhakikisha hakuna atakayejua kukata.

Mwanafunzi wa kwanza aliitwa, mjane mmoja mpole kutoka kambi ya nje ya mji. Akapewa skai na kiti. Akasimama, akatazama meza, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na yenye imekatwa iko wapi?"

Afisa hakuelewa. "Ukate wewe, Mama."

Yule mama akaushika mkasi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Akaurudisha mezani. Wa pili vilevile. Wa tatu alikata, kava likaingia kama gunia. Mafundi mlangoni walitazama paa. Fundi Hamisi alitazama viatu vyake.

Sikuwahi kuona kitu kibaya namna ile kikifanyika bila mtu yeyote kupaza sauti. Watu walikuwa wamekuja kila siku, wakipita vizuizi, wakiacha watoto kwa majirani. Walikuwa wamefundishwa kila kitu isipokuwa kile wanachoulizwa.

Goreth akaitwa.

Aliegemeza mkongojo kwenye meza, akasimama kwa mguu wake mmoja, akapima kwa kamba. Akaweka gumba. Akakata pungufu. Kona akazitia mikato midogo. Kipande cha nyuma akakigeuza upande. Aliposhona na kuvisha, alivuta mara moja, kava likakaa. Akalipiga kofi, likalia.

Mafundi mlangoni wakakunjua mikono.

Fundi Hamisi akasogea. Akapitisha kidole kwenye kona zote.

"Hii mukato ni ya nyumba yangu," akasema.

Mafundi mlangoni wakaanza kunong'ona. Afisa, ambaye hakuelewa chochote, alisema "Très bien!"

Fundi akageuka, akanitazama mimi. Nikajua sasa Goreth atanyang'anywa kila kitu, na sababu ni mdomo wangu.

"We ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa nasoma, Mzee."

Halafu, wakuu, alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyeona mtoto wake ametembea.

"Basi," akasema. "Iko sawa. Mupe mashini yake."

Akawageukia wale wa mlangoni. "Munatazama nini? Nyumba ni yangu."

Goreth akapata cherehani. Alikuwa peke yake aliyepata siku hiyo. Aliweka mikono yote miwili juu yake, akabaki hivyo, na safari hii alilia.

Mchana huohuo nikarudi karakana kuchukua mfuko. Nikamkuta Fundi peke yake. Nikamsalimu vizuri, nikataka kumshukuru. Aligeuza uso ukutani. Nikarudia salamu. Akaokota chaki, akatoka nje, akaniacha nimesimama.

Hakunisalimu tena hadi anakufa. Asubuhi alitabasamu, mchana akageuza uso. Kama alikasirika kwa sababu ya mkato, kwa nini hakukasirika alipouona? Na kama hakukasirika, nilimkosea nini?

Sasa niseme nilichojifunza, maana leo nalipwa kukagua mafunzo ya aina ile, na ripoti zangu hazipendwi.

Ukitaka kumfundisha mtu aliyeachwa nyuma, usiishie kumfungulia mlango na kumpa wali. Uliza kazi yenyewe iko wapi, na nani ameishika, na atapoteza nini akiiachia. Mradi ule ulimlipa Hamisi ili afundishe watu ambao kesho wangekuwa washindani wake mtaa huohuo, na haukuzungumza naye hata siku moja kuhusu hilo. Mzee hakuwa mwovu. Alilinda chakula cha nyumba yake wakati ambao chakula kilikuwa taabu. Na wale vijana wa jirani, kama wangeingizwa darasani pamoja na wakimbizi, labda wangekuwa walimu badala ya kuwa maadui. Wivu wa mtaa ni taarifa pia. Mkaguzi asiyeuandika amekagua nusu.

Goreth ana karakana yake sasa. Siku ya kwanza kabisa, mwanafunzi wake anapewa mkasi. Yule mjane wa kwanza kwenye mtihani alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Watu wanapita wanasema, hii ni ya Goreth. Mimi napita nasikia, na bado kuna kitu kinanifinya hapa kifuani. Sijapona, nisiwadanganye.

Ninyi mliopita kwa mafundi, ni kitu gani mlitolewa nje kisha mkakikuta kimeshafanywa? Andikeni hapo chini, hasa wenye hasira. Watakaosema mradi ulifanikiwa kwa sababu mmoja alipata cherehani, nao waje, tubishane.

Na lile swali la mwanzo nimejibiwa Krismasi iliyopita tu, nyumbani kwa Mama, tukichambua maharage. Nililirudia kama ninavyolirudia kila mwaka. Mama akamtazama Goreth, wote wawili wakaanza kucheka.

Wiki ileile aliyonivutia Fundi Hamisi kiti penye mwanga, alikuwa ametuma wazee wa Buyenzi kwa Mama, kuniposa mimi kwa ajili ya Shabani; machoni pake nilikuwa tayari mtoto wa nyumba. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema mambo ya dini yatazungumzwa, ila kwanza aachwe aulize ukoo. Ukoo wenyewe ulikuwa kaka yake mmoja, baba yake Goreth, ambaye tayari alikuwa kaburini. Aliuliza ukoo hadi siku ya mtihani. Na jibu la hapana alilipeleka Goreth kwa Fundi, kwa mdomo wake, mchana ule, cherehani ilipokwisha kupakiwa kwenye pikapu ya Shabani.